Safari ya Motokaa Kupita Mpaka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi kabla ya likizo za Desemba)



Kamati imetutaka tuseme nanyi juu ya safari za motokaa kwenda nchi za jirani. Sababu yake mnaijua. Ikifika Desemba ndugu zetu wengi huchukua likizo, wakachanga pesa za petroli, wakaazima gari au wakakodi, wakaondoka. Wengine huenda harusini Kampala, wengine huenda kuzika Moshi, na wengine huenda kutembea tu Kigali, wauone huo mji unaosifiwa kwa usafi. Jambo hilo ni jema. Mfanya kazi naye ana haki ya kuona nchi za watu, si tajiri peke yake. Lakini Januari ikiingia, ofisi yetu hupata wageni ambao hatufurahi kuwapata. Mmoja ana barua ya kuachishwa kazi mkononi. Mwingine gari la shemeji yake limebaki kituo cha polisi ng'ambo ya mpaka. Wa tatu anadaiwa na hospitali ya mji ambao hata jina lake hakulijua kabla ya ajali.

Tumezitazama habari hizo moja moja, nasi tumeona kwamba karibu zote zina mzizi mmoja, na mzizi huo ni ujirani. Mtu akienda Ulaya hujitengeneza miezi sita. Huuliza kila kitu kwa sababu anaogopa. Lakini akienda Arusha haoni kama anakwenda nchi ya kigeni. Huko watu husema Kiswahili kuliko yeye, hula ugali kama yeye, na toka Nairobi mpaka Namanga ni kilomita mia moja na sitini na kitu tu. Basi hufunga mlango wa nyumba, akawasha gari. Ndugu, ujirani ni kitu kizuri, lakini kila nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema viatu vivuliwe wapi.

Wazee waliomo humu wanakumbuka siku ambapo shilingi ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Shilingi hiyo ilikwisha mwaka 1966, kila nchi ikatoa yake. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 ikavunjika 1977, na mpaka wetu na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa sahihi mwaka 1999, na tangu Julai 2010 tuna makubaliano ya soko la pamoja. Watu husikia maneno haya katika redio, Jumuiya, soko la pamoja, ndugu wa Afrika Mashariki, wakadhani mipaka imekwisha. Haikwisha. Imelainishwa kwa baadhi ya mambo, na kwa mengine iko vile vile. Taabu huanza pale mtu anapochukua jambo lililolainishwa akadhani yote yamelainishwa.

Tazameni habari ya kitambulisho, au kipande kama wengine wetu wanavyokiita mpaka leo. Tangu mwaka 2014 mtu wa Kenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa, bila pasipoti. Hayo ni mapatano ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Mwanachama aliyekwenda Kampala mwaka jana kwa kitambulisho, akarudi salama, mwaka huu huweka kitambulisho kile kile mfukoni akashika njia ya Namanga. Huko hurudishwa. Kwa Tanzania unatakiwa pasipoti, na kama huna, basi hati ya kusafiria ya muda kutoka idara ya uhamiaji. Usingoje kuitafuta alfajiri ya safari, na abiria wanne wamo garini wakikungoja.

Watoto nao husahauliwa. Mtoto hana kitambulisho, kwa hiyo ule urahisi wa Uganda na Rwanda haumfikii. Naye ahitaji hati yake ya kusafiria, na cheti cha kuzaliwa kiwe karibu. Kama anasafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, au na mjomba, pawe na barua ya mzazi aliyebaki nyumbani, yenye sahihi na nambari ya kitambulisho chake. Maofisa wa mpakani huuliza kwa sababu kuna watu wanaoiba watoto, na sisi wazazi hatuna haki ya kukasirika tukiulizwa.

Jambo jingine kuhusu kupita. Mpaka wa Busia watu huvuka kwa miguu kwenda sokoni tangu zamani. Hata neno bodaboda, watu husema, lilizaliwa hapo, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu toka mpaka mmoja hadi mwingine. Kuna njia za panya nyingi, na mtu akichoka na foleni huambiwa, "Pita hapa, hapana mtu atakuuliza." Ni kweli, siku ile hataulizwa. Ataulizwa siku ya tatu, polisi wakisimamisha gari Jinja, au akilala hospitali, na hapo hana muhuri wala karatasi ya kuonyesha aliingia namna gani. Tangu saa ile yeye ni mtu aliyeingia nchi kwa siri. Foleni ya saa moja ni rahisi kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye kadi za njano. Tunasema kadi, si kadi moja, kwa maana ziko mbili, na watu huzichanganya kila mwaka.

Ya kwanza ni ya mwili wako. Ni cheti cha kuchanjwa homa ya manjano. Tanzania hukidai kwa watu wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Chanjo haianzi kuhesabiwa siku uliyochomwa sindano. Cheti huanza kuwa na nguvu baada ya siku kumi. Kwa hiyo aliyechanjwa Ijumaa akasafiri Jumapili amechanjwa kweli, lakini kwa sheria ni kama hajachanjwa. Ndugu mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa miaka kumi asikitupe. Tangu Julai 2016 kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba sindano moja yatosha maisha yote, na vyeti vya nyuma vimo katika kanuni hiyo. Na tafadhali sana, wako watu mpakani wanaouza cheti bila sindano. Atakayenunua atakuwa amelipa pesa ili aende kwenye ugonjwa bila kinga, na kwenye makosa ya karatasi ya uwongo juu yake.

Kadi ya njano ya pili ni ya gari. Hii ni bima ya COMESA, na kwayo ndiyo tungependa mtusikilize kuliko yote tuliyokwisha kusema. Ile bima uliyobandika kwenye kioo cha gari lako ni bima ya Kenya. Ukipita geti la mpaka, inabaki nyuma yako. Ukimgonga mtu Masaka au Singida bila Kadi ya Njano, mbele ya sheria ya huko wewe unaendesha gari lisilo na bima, na fidia itatoka katika mshahara wako na shamba la baba yako. Kadi hiyo huuzwa na kampuni za bima hapa hapa Kenya, na hufanya kazi Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Ethiopia na kwingineko. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango huu wa Kadi ya Njano ilibaki. Tunasema hivyo kwa kuwa wako maajenti wanaowaambia watu kwamba Tanzania haimo. Ukinunua, soma jina la nchi unayokwenda, na soma siku kadi inapokwisha. Watu hununua ya siku saba kwa safari ya siku tisa.

Lakini fahamuni pia mwisho wa kadi hiyo. Yenyewe hulipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine, na pia husaidia matibabu ya haraka ya waliomo garini mwako. Gari lako mwenyewe hailitengenezi. Hata kama hapa nyumbani umelipa bima kubwa, ile inayotengeneza gari lako, huna budi kwenda kwa kampuni uliyoikatia na kuomba waiongeze ifike nchi unayokwenda, nao wakuandikie. Neno la mdomo la ajenti halina kazi siku gari liko mtaroni.

Karatasi za gari. Chukueni logibuku yenyewe, si picha katika simu. Kama gari si lako, pawe na barua ya mwenyewe inayosema amekupa ruhusa kulipeleka nchi fulani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Wengi wetu, na tuseme wazi, tunaendesha magari ambayo bado ni ya benki au ya chama cha akiba na mikopo. Logibuku imo katika sanduku lao. Mwenye gari la namna hiyo apate barua yao mapema. Tunamjua ndugu mmoja aliyelala siku tatu mpakani na familia yake kwa ajili ya karatasi hiyo moja. Wiki ya Krismasi mkopeshaji alikuwa amefunga, simu inalia tu bila kupokewa. Siku ya nne waligeuza gari wakarudi nyumbani, na harusi waliyokuwa wakiiendea ilikwisha pita.

Mpakani gari huandikwa katika forodha, nawe hupewa hati ya muda yenye siku ya mwisho. Hati hiyo ni ahadi yako kwamba gari litatoka. Gari likiharibika ukaliacha kwa fundi huko na kurudi kwa basi bila kuwaarifu watu wa forodha, umevunja ahadi, na watakungoja. Ulizeni waongeze siku kabla hazijakwisha. Hawakatai kama sababu ipo.

Na matatu ya kukodi? Hili twalisema kwa uchungu kwa kuwa wenye matatu wengine ni rafiki zetu na madereva wao ni wanachama. Matatu iliyopewa leseni ya kubeba abiria katika njia ya hapa mjini haikupewa ruhusa ya kubeba abiria kwenda nchi nyingine. Mkichanga watu kumi na wanne mkaikodi kwenda Mwanza bila ruhusa hiyo, basi siku ya ajali kampuni ya bima itapata neno la kushika, nanyi mtakuwa abiria wa gari lisilotakiwa kuwa pale. Tajiri mwenye gari atasema hakujua. Dereva ndiye atakayelala ndani. Kama ni kundi kubwa, pandeni basi lililoandikishwa kwa safari hizo, au mwenye matatu akachukue ruhusa kwanza na mumwone ameishika mkononi.

Zamani mtu alitoka ofisi ya Kenya, akavuka, akaingia ofisi ya pili. Siku hizi vituo vingi vimeunganishwa: Taveta na Holili, Busia, Malaba, Namanga, na Rusumo huko Tanzania na Rwanda. Katika kituo kilichounganishwa husimami upande wako. Unapita geti la kwenu, unakwenda mpaka jengo la upande wa nchi unayoingia, na humo wote wawili wamo, wa kukutoa na wa kukuingiza, meza kwa meza. Mgeni asiyejua huegesha gari upande wa kwao, na hapo ndipo vijana wanaojiita maajenti humzunguka. "Nipe karatasi mzee, nitakufanyia." Usimpe mtu pasipoti yako. Muulize askari mwenye sare mahali pa kuanzia.

Malaba na Busia mtakuta malori yamepanga mstari mrefu, siku nyingine kilomita nyingi. Mstari ule si wa motokaa ndogo. Lakini pia si ruhusa ya kupita upande wa magari yanayokuja kwa mbio na mataa yakiwaka. Nendeni polepole, mkiwapisha wanaokuja. Na mkumbuke kwamba walio ndani ya malori hayo ni wafanya kazi wenzetu, madereva na maturniboi, wengine wamekaa hapo tangu juzi. Msiwapigie honi.

Habari ya pesa hatutasema sana. Badilisheni benki au duka lenye leseni, hesabuni mbele yake, na msihadaiwe na masifuri. Noti ya Uganda ya elfu hamsini ni kitu cha kawaida, na mtu aliyezoea pesa za Kenya hutoa noti moja zaidi akidhani ni chenji. Wala msitegemee pesa zilizomo katika simu peke yake, maana simu huishiwa na moto na mtandao hupotea.

Sasa barabarani.

Tanzania barabara kuu ni nzuri, na uzuri huo ndio mtego. Mwendo wa kijijini ni kilomita hamsini kwa saa. Kibao cha hamsini huanza kabla hujaona nyumba, na huisha mbali baada ya nyumba ya mwisho, kwenye kibao kingine kilichokatwa mstari. Dereva wa Kenya hupita nyumba ya mwisho, akakanyaga mafuta, na kibao cha pili bado. Askari mwenye kamera yuko chini ya mti pale pale katikati. Ukikosa, lipa kwa njia ya Serikali. Huandikiwa karatasi yenye namba ya malipo, ukailipa, ukabaki na risiti. Pesa ya mkononi isiyo na risiti hukufungulia njia mpaka kwa askari wa kilomita ishirini mbele, naye huanza upya. Rwanda usijaribu hata kidogo. Huko anayempa askari rushwa hukamatwa yeye, na si hadithi.

Liko jambo moja la Tanzania ambalo limewafunga Wakenya. Miraa. Hapa kwetu ni mmea wa halali. Wakulima wa Meru wanasomesha watoto kwayo, na dereva wa usiku huitafuna asilale. Huko ng'ambo huitwa mirungi, na katika sheria ya Tanzania imo pamoja na dawa za kulevya, hesabu moja na bangi. Mabaki yaliyosahauliwa chini ya kiti yatosha kuwa kesi. Kabla ya kufika Namanga, Isebania, Taveta au Lungalunga, simamisheni gari na mfagie, chini ya viti, katika mifuko ya milango, katika makoti ya wenzenu. Muulizeni kila abiria kwa jina. Aliye nayo ashuke au aitupe. Katika ufagiaji huo huo toeni mifuko ya plastiki. Rwanda iliikataza mwaka 2008, sisi tukaikataza Agosti 2017, Tanzania Juni 2019.

Rwanda tumeiacha mwisho kwa kuwa ina hatari ya peke yake. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Rwanda huendesha kulia, na Burundi, Kongo, Ethiopia na Sudan Kusini kadhalika. Watu husema, "Hilo najua, nitakumbuka." Na kweli pale Gatuna hukumbuka. Vibao viko, magari yako mbele yake, anayafuata. Ajali haiko pale. Ajali iko kesho yake alfajiri, anapotoka kwenye hoteli au kituo cha petroli, barabara tupu, hapana gari la kumfundisha. Mkono na mguu wake vina desturi ya miaka ishirini, navyo humpeleka kushoto. Anakwenda hivyo nusu kilomita kwa raha, mpaka anapotokea mwenzake konani. Nchi ile ni ya vilima na kona. Fungeni kitambaa chekundu kwenye usukani, au bandikeni karatasi yenye mshale mbele ya macho ya dereva, na anayekaa kando yake apewe kazi ya kusema kwa sauti kila mnapoingia barabarani: "Kulia!" Mtacheka siku ya kwanza. Chekeni.

Kwenye mzunguko wa barabara mtaingia kwa kulia na kuzunguka kinyume cha mlivyozoea. Kupita gari lililo mbele ni kazi ngumu zaidi. Usukani wa gari letu uko kulia, nawe umo upande wa kulia wa barabara, basi huoni kitu isipokuwa mgongo wa lori. Ili uone mbele yake ni lazima utoe gari zima nje, na hapo umekwisha chelewa. Aliye kiti cha kushoto ndiye anayeona. Kama amelala, usipite. Kaeni nyuma ya lori mpaka barabara inyoke. Mataa yetu nayo yametengenezwa kumulika ukingo wa kushoto, kwa hiyo usiku kule yatawapiga macho wanaokuja. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutosafiri Rwanda usiku kwa gari la Kenya.

Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa kwetu saa tatu, kwao ni saa mbili. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi wote hufanya kazi ya jumuiya inayoitwa Umuganda, toka saa mbili hadi saa tano asubuhi kwa saa yao. Maduka hufungwa na magari husimamishwa. Mgeni aliyepanga kupita Kigali saa hizo atakaa kando ya barabara akiwatazama wenziwe wakifagia. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini msitegemee kila mzee wa kijijini awajibu. Jifunzeni maneno mawili ya Kinyarwanda, salamu na ahsante.

Popote mwendapo msipige picha za mabwawa, madaraja makubwa, kambi za jeshi, wala vituo vya mpaka. Pale Jinja mto Naili ni mzuri, nasi twajua mtatamani kusimama darajani. Msisimame. Nendeni mpaka mjini, mto uko pale pale. Wala msivae nguo za rangi za jeshi, hata kofia ya mtoto.

Uchovu. Toka Nairobi mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita mia sita na hamsini. Sheria ya Kenya husema dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane katika saa ishirini na nne. Chama kiliipigania kanuni ya namna hiyo kwa sababu tulizika watu. Mwenye motokaa yake sheria hiyo haimtaji, lakini macho yake ni macho yale yale. Lala Eldoret, au Busia, uvuke asubuhi. Pembetatu mbili za kuakisi, zile madereva wetu huita laifuseva, ziwemo garini, na kizima moto, na sanduku la dawa. Askari wa nchi zote huviuliza.

Ikitokea ajali, simameni, msaidieni aliyeumia, piganeni na hamu ya kusogeza gari kabla polisi hawajaja. Mkiona watu wamekasirika na maisha yako hatarini, nendeni moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu mkajieleze. Ombeni nambari ya kesi na karatasi ya polisi, maana bila hiyo Kadi ya Njano haiendi popote. Msitie sahihi maneno msiyoyaelewa. Pigeni simu kwa ubalozi wetu, kisha kwa kampuni ya bima, na kisha kwa ofisi ya chama.

Ndugu anayesafiri si kwa likizo bali kwa kutumwa na tajiri wake, habari yake ni nyingine kidogo, na aijue. Sheria ya fidia ya wafanya kazi ya mwaka 2007 haiishii mpakani. Mtu aliyeajiriwa Kenya akatumwa kwa muda nje ya nchi, akaumia kazini, hulipwa fidia kama aliyeumia hapa. Kwa hiyo asikubali kuambiwa, "Hayo yalitokea Uganda, hayatuhusu." Lakini awe na ushahidi kwamba alitumwa: barua, hata ujumbe wa simu. Na karatasi za gari la tajiri ni kazi ya tajiri. Dereva anayeondoka bila Kadi ya Njano kwa kuambiwa "nenda tu, utaona mbele" huenda akaona mbele akiwa peke yake. Mwambieni aandike. Akikataa kuandika, njooni ofisini kabla ya kuwasha gari, si baada.

Tena, ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Fundi wetu akienda Dodoma kwa mjomba, akafungua simu za watu kwa malipo wiki mbili, amevunja sheria mara mbili. Hana kibali cha kazi, na zaidi ya hayo Tanzania ilitoa amri Julai 2025 inayowakataza wageni biashara ndogo kadhaa, kutengeneza simu ikiwamo, na saluni, na uwakala wa pesa za simu. Sisi tuna maoni yetu juu ya amri hiyo, na vyama vya Afrika Mashariki havina budi kuizungumza. Lakini maoni hayo hayatamtoa mtu mahabusu.

La mwisho ni siku ya kurudi. Sheria ya kazi hutupa siku ishirini na moja za likizo kwa mwaka. Mtu huzihesabu zote, akapanga kufika nyumbani Jumapili saa tano usiku ili aingie kazini Jumatatu. Kisha foleni ya mpaka, au pancha, au mvua. Jumatatu hayupo, Jumanne hayupo, na katika sheria kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa ambalo laweza kukufukuzisha bila notisi. Tuna kesi hizo, na ni ngumu kuzitetea wakati mtu hana hata karatasi moja. Rudini siku mbili kabla. Na mkikwama, siku ile ile mliyokwama mpelekeeni msimamizi ujumbe kwa maandishi, mseme mko wapi na kwa nini, na mweke risiti ya fundi au ya mpakani. Ujumbe wa Jumapili hutusaidia kuwatetea. Maelezo ya Alhamisi hayasaidii sana.

Ofisi itakuwa wazi Jumamosi zote za mwezi huu mpaka saa saba mchana. Leteni karatasi zenu tuzitazame pamoja, logibuku, barua, kadi zote mbili za njano. Sasa tunakaribisha maswali. Wanaokwenda Kigali waanze, maana wao ndio wenye mengi.